Amana ya Msafiri

Wapo watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaoamini kwamba mtu akilipia safari kabla ya kusafiri, kisha kampuni iliyopokea fedha hizo ikafilisika, basi hiyo ni kudura tu, kama mvua inyeshavyo siku ya harusi. "Biashara ndivyo ilivyo," husema, na mazungumzo huishia hapo. Nimelisikia neno hilo barazani, nimelisikia ndani ya basi, na nimelisikia kinywani mwa mwanasheria mmoja ambaye nilitaraji angekuwa na la maana zaidi. Nakusudia kulipinga neno hilo, tena kwa ukali kidogo, na msomaji anisamehe nikionekana kama bado nimeshika chaki.

Tuanze na jambo lenyewe. Anayenunua shati hutoa fedha na kuchukua shati. Anayelipa mwezi wa Januari kwa ajili ya likizo ya Agosti hajachukua kitu. Ametoa fedha na kupewa karatasi. Kwa miezi saba yeye si mnunuzi bali ni mkopeshaji, na mkopeshaji wa ajabu sana: hadai riba, hadai rehani, wala haombi kuona daftari la mkopwaji. Benki ikiombwa mkopo huo huo itataka hesabu za miaka mitatu na hati ya nyumba. Mstaafu huutoa kwa kuonyeshwa picha ya mnazi ulioinama ufukweni. Halafu siku kampuni inapofungwa, benki yenye rehani hulipwa kwanza, na huyu aliyeamini bila kuuliza huwekwa mwisho wa mstari pamoja na muuza maji na mchapishaji wa kalenda.

Nitaeleza nilivyojifunza haya, maana sikuyajifunza vitabuni. Mwaka 2012 tulikuwa walimu wastaafu kumi na sita tuliokubaliana kuvuka mpaka na kwenda kupumzika wiki moja Mombasa na Lamu. Wengi wetu tulikuwa tumefundisha jiografia na historia ya pwani kwa miaka thelathini bila kuiona Lamu. Kila mmoja alilipa shilingi 450,000, na jumla yake ikawa 7,200,000. Wakala tuliyemlipa sitamtaja, ila niseme kwamba alikuwa mwanafunzi wangu chuoni, kijana mwangalifu, mwandiko wake mzuri kupita wa wenzake wote. Mimi ndiye niliyewapeleka wenzangu kwake. Wiki mbili kabla ya safari nilikwenda ofisini nikaukuta mlango umefungwa kwa kufuli mbili: moja yake na moja ya mwenye nyumba.

Alikuja kwangu mwenyewe siku ya tatu, jioni. Akanisalimu, "Shikamoo Mwalimu," nikaitikia marahaba, kisha tukakaa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Nilipomwuliza fedha ziko wapi, hakunidanganya. Fedha zetu zilikuwa zimelipa basi na hoteli za kundi lililotutangulia. Fedha za kundi lile zilikuwa zimelipa kundi la kabla yake. Mahali fulani huko nyuma, miaka miwili iliyopita, palitokea pengo: basi liliharibika njiani, akakodi jingine kwa bei ya kuumiza. Pengo hilo hakulijaza, alilisogeza tu mbele, mwezi hadi mwezi, kundi hadi kundi, mpaka likatufikia sisi. Alipokosa watu wa kutufuata, hesabu ikasimama.

Wenzangu walisema ni mwizi. Sikukubali, na sikubali mpaka leo. Nina sababu ambayo sijapata kuiandika mahali popote.

Nilipokuwa mkuu wa chuo, kila mwanachuo mpya alitoa fedha kidogo tulizoziita fedha za tahadhari. Akivunja sahani au kupoteza godoro, tulikata humo. Akimaliza salama, alirudishiwa zote. Zilikaa katika akaunti yake peke yake, na mhasibu alijua kwamba kuzigusa ni dhambi. Mwaka mmoja fedha za chakula zilichelewa kufika. Mzabuni wa unga akakataa kuleta gunia jingine. Wanachuo karibu mia nne, na stoo ina maharage ya siku mbili. Nikatia saini. Tulizichukua fedha za tahadhari tukanunua unga, na fedha za chakula zilipofika baada ya siku kumi na tisa tukazirudisha zote. Hakuna aliyejua. Lakini katika siku zile kumi na tisa nilikuwa nimefanya lile lile alilofanya yule kijana: nilishika mali ya mtu niliyoiwekewa amana, nikalipia njaa ya leo. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilijua kuna fedha zinakuja nyuma yangu. Yeye aliomba Mungu zije.

Kwa hiyo sisemi habari za wema na ubaya wa mioyo. Mtu mwema akiachiwa fedha za wengine katika mfuko mmoja na zake, na mwenye nyumba anagonga mlango, atazigusa. Ndiyo maana pakawa na haja ya sheria. Wazungu wa Ulaya, ambao nao walilijifunza jambo hili kwa kuumia, wameliwekea sheria kwa zaidi ya miaka hamsini, na inafaa tuijue historia yao kabla ya kusema haituhusu.

Mwezi Agosti 1974 kundi la makampuni la Court Line lilianguka Uingereza, na ndani yake ilikuwamo Clarksons, iliyokuwa ikiwapeleka watu wa kawaida Hispania kwa bei ya chini mno. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa bado ng'ambo, na wengi zaidi walikuwa wamekwisha kulipia likizo ambazo hawakuzipata. Miezi michache kabla yake, mwezi Juni, waziri Tony Benn alikuwa ameliambia Bunge maneno ambayo wananchi waliyachukua kuwa hakikisho, na baadaye akalaumiwa kwayo. Waingereza wakatunga sheria mwaka 1975 ya kuanzisha mfuko wa akiba uliochangiwa na biashara yenyewe ya safari. Utaratibu wao wa leo unaitwa ATOL. Tangu mwaka 2009 kampuni inachangia pauni 2 na nusu kwa kila msafiri. Pauni mbili na nusu! Hiyo ni bei ya kikombe cha chai katika uwanja wa ndege, na pengine hakitoshi.

Jumuiya ya Ulaya nayo ilitoa Agizo mwaka 1990: kila anayeuza safari za kifurushi, yaani usafiri na malazi au huduma nyingine zilizounganishwa kwa bei moja, lazima awe na dhamana ya kurejesha fedha za msafiri, na ya kumrudisha nyumbani, endapo muuzaji atafilisika. Nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 31 Desemba 1992 kutunga sheria zao. Ujerumani, nchi inayosifiwa kwa kwenda na saa, ilichelewa. Mwaka 1993 makampuni mawili yakafilisika huko. Baadhi ya wateja hawakuondoka kabisa, na wengine walirudi kwa nauli ya mifukoni mwao. Wakaishitaki serikali yao. Serikali ikajitetea kwamba muda ulikuwa mfupi. Mahakama ya Ulaya ikaamua tarehe 8 Oktoba 1996 kwamba kutochukua hatua yoyote ndani ya muda uliowekwa ni kosa kubwa lenyewe, na serikali ilipe hasara. Nimeipenda hukumu hii. Mwalimu yeyote ameusikia utetezi ule wa muda mfupi, kila Jumatatu asubuhi.

Na ile ya Austria ni ya kuchekesha isingekuwa ya kusikitisha. Gazeti moja liliwapa wasomaji wake wa kudumu zawadi ya safari. Waliokubali zawadi wakawa wengi kupita kiasi, kampuni iliyotakiwa kuwasafirisha ikazidiwa na kufilisika mwaka 1995, na dhamana iliyokuwapo benki haikutosha kuwarudishia hata waliyokwisha kulipa. Austria ilikuwa na sheria, lakini sheria nyembamba kama kanzu ya maiti maskini. Mwaka 1999 Mahakama ikasema kwamba dhamana isiyotosha si dhamana, nayo Austria ikapatikana na hatia.

Sasa tuje kwenye mpaka, maana hapo ndipo ujanja unapokaa. Kampuni iliyoitwa Lowcostholidays ilikuwa Uingereza chini ya utaratibu wa ATOL. Mwaka 2013 ikahamishia makao yake kisiwani Mallorca, Hispania, huku ikiendelea kuwauzia Waingereza wale wale. Kwa kuhama ikatoka katika mfuko wa Uingereza na kuingia katika dhamana ya kule visiwani. Mwezi Julai 2016 ikaanguka. Watu 27,000 walikuwa safarini, na 110,000 walikuwa wamekwisha kulipia safari za mbele. Dhamana iliyokuwa imewekwa ilikuwa euro milioni moja na kidogo. Gawanya mwenyewe, msomaji. Ni hesabu ya darasa la tano. Hata ukiwaacha wale waliokuwa njiani, kila mtu hapati euro 12.

Agizo jipya, lililotolewa mwaka 2015 na kuanza kutumika Julai 2018, limekaza kamba. Dhamana lazima itoshe gharama zinazoweza kutarajiwa. Lazima imlinde msafiri pasipo kuangalia anakaa nchi gani, anaondokea wapi wala amenunulia wapi. Kwa hiyo Mtanzania aliyenunua kifurushi kutoka kampuni ya Ufaransa analindwa sawa na Mfaransa. Na muuzaji wa nje ya Ulaya anayeelekeza biashara yake katika nchi mwanachama lazima awe na dhamana kwa mujibu wa sheria ya nchi hiyo. Mtu wa Arusha anayewauzia Wajerumani safari ya Serengeti, kwa lugha yao na kwa euro, naye yumo. Akiuza kupitia wakala wa Ujerumani, mzigo huo humwangukia wakala.

Nimewasikia vijana wetu wa biashara ya utalii wakilalamika kwamba huu ni ukuta uliojengwa kutuzuia. Nawaheshimu, maana wanafanya kazi ngumu, lakini hapa nawapinga. Mjerumani anayetuma fedha miezi sita kabla ya kuuona mlima ni yule yule mstaafu wangu wa mwaka 2012, ila ngozi imebadilika. Ukuta ungekuwa kumdai mtu wa Arusha asichodaiwa mtu wa Munich. Wote wawili wanadaiwa.

Lipo lalamiko jingine ambalo wangelitoa ningewapigia makofi, nao hawalitoi.

Tarehe 23 Septemba 2019 ilianguka Thomas Cook, kampuni iliyotokana na safari ya treni aliyoiandaa mtu wa jina hilo mwaka 1841. Uingereza iliwarudisha watu wake zaidi ya 140,000 kwa ndege za kukodi katika muda wa wiki mbili. Ujerumani sheria iliruhusu kila mwenye bima kujiwekea ukomo wa euro milioni 110 kwa mwaka. Madai yakapita mara mbili ya kiasi hicho, na mwezi Desemba serikali ikalazimika kuahidi kufidia pengo kwa fedha za walipa kodi. Baadaye, mwaka 2021, wakaunda mfuko maalumu. Mwaka 2024 ilipofilisika FTI, kampuni kubwa mno, mfuko huo ndio uliobeba mzigo. Hayo yote ni mazuri. Lakini nani alimtazama mwenye hoteli?

Katika biashara hii aghalabu kampuni kubwa humlipa mwenye hoteli wiki nyingi baada ya mgeni kuondoka. Mgeni amelipa kabla, mwenye hoteli analipwa baada, na katikati fedha hukaa kwa kampuni. Thomas Cook ilipoanguka, Tunisia peke yake ilisema hoteli zake zinaidai euro milioni 60 za wageni wa Julai na Agosti. Siku mbili kabla ya kuanguka kule, wageni wa hoteli moja ya Hammamet walieleza kwamba lango limefungwa na wanatakiwa walipe tena ndipo watoke. Magazeti ya Ulaya yaliandika kuhusu kitendo hicho kama utekaji nyara. Mimi sikitetei, mgeni hafungiwi lango. Lakini najiuliza mwenye hoteli yule alikuwa na mlango gani mwingine wa kubisha. Kwa wale waliokuwa bado vyumbani, Waingereza walitoa barua za kuahidi malipo. Kwa wageni wa Julai aliambiwa akae kwenye mstari wa wadai wasio na rehani, na nyuma yake wamesimama muuza samaki, dobi na kijana wa bustani, ambao majina yao hayamo katika orodha yoyote.

Kutoka Malindi hadi Kizimkazi desturi hii inajulikana. Kila ndege ya likizo inayotua pwani yetu hubeba wageni waliolindwa kikamilifu, wanaokwenda kula samaki wa mtu asiyelindwa na chochote. Agizo la 1990 halikumtaja, la 2015 nalo halikumtaja. Akili iliyoweza kumfikia mteja popote alipo duniani imeshindwa kumwona mpishi wake. Hapo ndipo ningependa wawakilishi wetu, wanapokwenda kwenye maonyesho ya utalii ya Berlin na ya London, waache kugawa vipeperushi vya tembo kwa nusu saa na waulize swali hilo: fedha ambayo mgeni amekwisha kuilipia kitanda, kwa nini isitengwe kwa ajili ya kitanda?

Narudi nyumbani. Sisi kumi na sita tulipopoteza fedha zetu tulizunguka tukiuliza ni wapi pa kudai. Mahali pamoja tulielezwa kwamba wakala alikuwa na leseni halali, ada imelipwa. Nikauliza leseni hiyo inamlinda nani. Yule bwana, mpole tu, akanitazama kwa huruma. Hapakuwa na mfuko wa kuuendea, wala bima, wala akaunti iliyotengwa. Yatajwayo katika mikataba yetu ya safari, hata leo ukiyasoma kwa miwani, ni adhabu za msafiri akiahirisha. Muuzaji akishindwa, karatasi hunyamaza.

Husemwa kwamba dhamana zitawaua wakala wadogo. Hoja hii ndiyo pekee yenye uzito, nami siipuuzi, maana kijana wangu alikuwa mdogo hivyo, na hakuna benki ambayo ingempa barua ya dhamana. Lakini dhamana ina sura nyingi. Uingereza, kwa safari zisizo na ndege, sheria inamruhusu muuzaji kuchagua: dhamana ya kifedha, au bima, au kuweka fedha za msafiri katika akaunti ya amana ambayo haifunguliwi mpaka safari itimie. Hiyo ya tatu haihitaji utajiri. Inahitaji akaunti mbili na mtu wa pili wa kutia saini. Chuo changu kiliiweza, kikiwa na mhasibu mmoja na taipureta yenye herufi iliyovunjika. Na siku ile nilipoivunja amana ile, ilinibidi niandike barua na kutafuta saini ya mwenzangu. Hata kosa langu lilikuwa na daftari. Kijana wangu angekuwa na akaunti ya namna hiyo, basi lile lililoharibika njiani lingemfilisi mwaka 2010, akiwa na deni la basi moja, si la makundi manane.

Wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka 2020, makampuni mengi ya Ulaya yaliomba kuwapa wateja vocha badala ya fedha, na baadhi ya serikali zikakubali. Mahakama ya Ulaya ilisema mwezi Juni 2023 kwamba neno "kurejesha" katika sheria lina maana ya fedha, na kwamba nchi haikuwa na ruhusa ya kuliahirisha. Nilipolisikia hilo nikamkumbuka wakala wetu, ambaye naye jioni ile alituahidi safari nyingine, kubwa zaidi, mwaka utakaofuata. Wenzangu wawili walitaka kukubali. Walikuwa bado wanaitaka Lamu.

Mwalimu mwenzetu mmoja, mama aliyefundisha sayansikimu, alikuwa amenunua sanduku jipya la magurudumu kwa ajili ya safari ile. Sasa huwekea mbegu za mahindi, maana panya hawalipenyi.

Kijana yule alipata kazi ya kuendesha gari la shule, na tangu mwaka 2014 huniletea fedha anapoweza, elfu ishirini, elfu thelathini, mara nyingine mwaka mzima hakuna. Naziandika katika daftari, tarehe na saini yake, mwandiko ule ule mzuri. Waliokwisha kulipwa zote ni tisa. Wawili wamefariki, na sehemu zao zitakwenda kwa watoto wao. Niliomba jina langu liwe la mwisho katika orodha, kwa kuwa mimi ndiye niliyewapeleka.